Kamba Mmoja, Majina Mawili: Vinasaba na Historia ya Penaeus

Leo tuache kidogo habari za lugha za programu, tuzungumze juu ya kamba. Nina maana ya kamba wa baharini, yule anayeliwa, sio kamba ya kufungia ng'ombe. Najua Kakamega haina bahari, na huku kwetu kitoweo cha majini ni omena na mbuta wa Ziwa Victoria. Lakini historia ya majina ya kamba ina mengi ya kumfundisha yeyote anayeshughulika na kanzidata, na mwishoni utaona kwamba njia yake inapita hata katika msitu wetu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Chukua ripoti za uvuvi wa Ghuba ya Ungwana, kule pwani kati ya Malindi na mdomo wa mto Tana. Katika ripoti za kabla ya 1997, kamba anayevuliwa kwa wingi kuliko wote anaitwa Penaeus indicus. Katika maandishi mengi ya miaka iliyofuata anaitwa Fenneropenaeus indicus. Siku hizi amerudi kuwa Penaeus indicus. Kamba ni yule yule, matope ni yale yale, na wavuvi wa leo ni watoto wa wavuvi wa jana. Sasa iambie kompyuta ikujumlishie kilo za kamba huyo kwa miaka 40. Kama hukuiandaa, itakupa mafungu mawili, na grafu yako itaonyesha kamba mmoja aliangamia mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwingine akatokea ghafla.

Hili sio jambo la mzaha. Mwaka 2006 meli za kuburura nyavu zilisimamishwa katika ghuba hiyo baada ya mvutano wa muda mrefu na wavuvi wadogo, ambao walilalamika kwamba meli zinaharibu nyavu zao na kuzoa samaki wao. Ziliruhusiwa tena mwaka 2011, safari hii chini ya mpango wa usimamizi. Maamuzi ya namna hiyo yanagusa tumbo la mtu, na yanategemea kumbukumbu za miaka mingi: kamba gani alivuliwa, wapi, msimu gani, kiasi gani. Jina likibadilika katikati ya kumbukumbu na hakuna aliyeweka daraja, hesabu inavurugika.

Je, ni nani aliyelibadilisha jina, na kwa nini likarudi? Hapo ndipo historia inapoanza.

Jina Penaeus lilitolewa mwaka 1798 na Johan Christian Fabricius, mwanasayansi wa Denmaki aliyekuwa mwanafunzi wa Linnaeus. Cha kuchekesha ni kwamba alilitoa ndani ya kitabu cha wadudu, kwa sababu wakati huo kamba na kaa bado walihesabiwa humo. Katika kitabu hicho alimtaja Penaeus monodon, yule kamba mkubwa mwenye milia ambaye na sisi tunaye pwani. Mwaka 1837 Mfaransa Henri Milne Edwards akamtaja Penaeus indicus. Mwaka 1844 De Haan, aliyekuwa akichambua wanyama waliotoka Japani, akamtaja Penaeus semisulcatus. Mwaka 1888 Mwingereza Spence Bate akamtaja Penaeus japonicus katika ripoti za safari ya meli ya Challenger. Ukiongeza na Metapenaeus monoceros, wa jenasi nyingine, umepata orodha ya kamba watano wanaotajwa sana katika uvuvi wa Malindi na Ungwana.

Wazee hao walitumia macho tu. Walihesabu meno yaliyo kwenye pembe ya kichwa, wakapima mifereji ya mgongoni, wakatazama viungo vya uzazi. Hata majina yenyewe yanasema hivyo: semisulcatus maana yake ni mwenye mfereji nusu. Ni kazi ya kuheshimika, lakini macho yana mipaka. Kwa muda mrefu vitabu viliwachanganya monodon na semisulcatus, mpaka mwaka 1949 Lipke Holthuis wa makumbusho ya Leiden, Uholanzi, akaandika makala nzima ya kueleza monodon wa Fabricius ni yupi hasa. Miaka 150 ilipita kabla ya swali hilo moja kushughulikiwa ipasavyo.

Kadiri spishi zilivyoongezeka, Penaeus ikawa chumba kilichojaa. Wataalamu wakaanza kuigawa ndani kwa ndani katika jenasi ndogo. Aliyefanya kazi kubwa zaidi ni Isabel Pérez Farfante, mama mzaliwa wa Cuba aliyefanya utafiti wake kwa miaka mingi mjini Washington. Mwaka 1969 alianzisha Litopenaeus na Fenneropenaeus. Mwenzake Mrusi, Burukovsky, alilipa kundi jingine jina la mama huyo mwenyewe: Farfantepenaeus. Mwaka 1971 ikaja Marsupenaeus, ya yule japonicus, kwa sababu jike wake ana kifuko cha kupokelea mbegu za dume. Melicertus lilikuwa jina la zamani, la mwaka 1814.

Mpaka hapo hakuna aliyeumia. Jenasi ndogo ni kama folda ndani ya folda: anayeitaka anaifungua, asiyeitaka anaendelea kuandika Penaeus indicus kama kawaida. Mambo yalibadilika mwaka 1997. Pérez Farfante na Brian Kensley, mtaalamu aliyetoka Afrika Kusini, walitoa kitabu kikubwa cha kamba wa dunia nzima, na ndani yake makundi hayo yakapandishwa cheo yakawa jenasi kamili. Penaeus moja ikawa sita: Penaeus, Fenneropenaeus, Litopenaeus, Farfantepenaeus, Melicertus na Marsupenaeus. Kwa siku moja majina ya kamba wengi wa biashara duniani yakabadilika. Yule kamba mweupe wa Amerika, ambaye leo ndiye anayefugwa kuliko wote, akawa Litopenaeus vannamei. Wa kwetu akawa Fenneropenaeus indicus.

Mwanaprogramu anaelewa haraka kilichotokea. Ni kama mtu amebadilisha jina la maktaba inayotumiwa na maelfu ya programu, akasema sababu ni nzuri, na ninyi wengine rekebisheni kodi zenu. Wafugaji, madaktari wa magonjwa ya kamba, waandishi wa sheria za biashara, wote walitakiwa kufuata. Wengine walifuata, wengine wakakataa, wengine wakaandika majina yote mawili kwa kusitasita. Mwaka 2007 Timothy Flegel, mtafiti wa magonjwa ya kamba aliyekuwa akifanya kazi Thailand, aliandika makala katika jarida la Aquaculture akidai kwamba watafiti wana haki ya kukataa marekebisho hayo. Mwaka uliofuata wataalamu wa uainishaji wakamjibu. Ulikuwa ubishi mkali kwa watu wa maabara.

Wakati wanabishana, chombo kipya kilikuwa kimeshaingia: vinasaba.

Ngoja nieleze kidogo kwa lugha ya kompyuta. DNA ni faili ndefu iliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kila kizazi kinanakili faili kutoka kwa wazazi, na mara moja moja kunakuwa na kosa la kunakili. Makosa hayo hurithiwa. Kwa hiyo ukichukua kipande kile kile cha faili kutoka kwa kamba wawili na kuwalinganisha herufi kwa herufi, wale wanaoshiriki makosa mengi ya namna moja ndio wenye babu wa karibu. Ni sawa na mwalimu anayekuta wanafunzi watatu wameandika jibu lile lile lisilo sahihi, lenye kosa lile lile la tahajia: anajua wamenakili mahali pamoja. Njia ya Sanger ya kusoma herufi hizo ilitoka mwaka 1977, na njia ya kuzidisha kipande kidogo cha DNA, yaani PCR, ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983. Kufikia miaka ya 1990 maabara nyingi ziliweza kusoma vipande vifupi, hasa vya mitokondria, kama jeni zinazoitwa COI na 16S.

Mwaka 1998, mwaka mmoja tu baada ya kile kitabu, ulitoka utafiti wa kamba wa Penaeus kwa kutumia COI, na matokeo hayakuyakubali makundi yote sita. Mwaka 2004 Shane Lavery na wenzake wakatumia COI na 16S kwa spishi nyingi zaidi. Ila mitokondria peke yake ina udhaifu: inarithiwa kwa mama tu, kwa hiyo inasimulia upande mmoja wa ukoo, na makosa yake ni mengi kiasi kwamba ya zamani sana yanafunikwa na ya karibuni. Ndipo Ka Yan Ma, Tin-Yam Chan na Ka Hou Chu, watafiti wa Hong Kong na Taiwan, wakaongeza jeni za kwenye kiini cha seli. Mwaka 2011 walichapisha makala ambayo kichwa chake kinatangaza wazi kwamba mgawanyo wa jenasi sita umekanushwa.

Walikuta nini? Fikiria boma la babu mmoja mwenye wana wawili, na kila mwana ana watoto wake. Unaweza kuwaita wajukuu wote kwa jina la babu. Unaweza pia kuwapa wa nyumba ya kwanza jina moja na wa nyumba ya pili jina jingine. Yote mawili yanakubalika. Usichoweza ni kumchukua mjukuu mmoja wa nyumba ya pili, kwa sababu tu amekwenda Nairobi akabadilisha mavazi, ukamtangaza kuwa nyumba ya tatu inayolingana na zile mbili. Ndugu zake wa tumbo moja wataachwa na jina ambalo halielezi tena ukoo wao.

Kamba wana nyumba mbili kama hizo. Katika ya kwanza wamo monodon, indicus wetu, vannamei wa Amerika na wale wa Farfantepenaeus. Katika ya pili wamo Melicertus pamoja na Marsupenaeus. Na yule japonicus, aliyepewa jenasi yake kwa sababu ya kifuko, kwa vinasaba yumo katikati ya Melicertus. Ndiye mjukuu aliyebadilisha mavazi. Lakini wote kwa pamoja, nyumba ya kwanza na ya pili, wana babu mmoja, na babu huyo ndiye Penaeus ya zamani ya Fabricius. Watafiti hao wakapendekeza jina la zamani lirudi kwa wote. Taratibu likarudi. Leo WoRMS, orodha ya dunia ya viumbe vya baharini, inaandika Penaeus indicus.

Sasa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huteleza. Tunasikia mara nyingi kwamba DNA imethibitisha jina fulani. DNA haina jina lolote ndani yake. Inajibu swali la ukoo: nani ni ndugu wa nani. Haisemi ukoo wa ukubwa gani uitwe jenasi. Kwa vinasaba vile vile, nyumba zile mbili zingeweza kuwa jenasi mbili, Penaeus na Melicertus, na hakuna kanuni ambayo ingevunjwa. Kurudisha moja ulikuwa uamuzi wa watu, na sababu yake kubwa ni kupunguza usumbufu.

Sisi watu wa Kakamega tunalijua hili bila maabara. Waisukha, Waidakho, Wakabras, Watsotso, Wawanga, Wamarama na wengine walikuwepo na koo zao kabla ya jina Abaluhya kuenea kama jina la pamoja katika miaka ya 1930 na 1940. Damu ya mtu haikubadilika siku jina lilipoenea. Watu waliona kuna faida kuitwa pamoja, wakaitwa pamoja.

Na msituni kwetu kuna mfano unaokwenda upande wa pili. Yuko ndege mmoja mdogo, mwenye kifua cha kijivu, anayejificha kwenye vichaka vya chini vya msitu wa Kakamega. Mjerumani Anton Reichenow alimtaja mwaka 1900 kutokana na ndege wa Kameruni, akamweka katika jenasi Alethe. Baadaye akahamishiwa Trichastoma. Mwaka 1978 Mann, Burton na Lennerstedt walimchunguza upya mwili wake wakaona hafanani na hao anaowekwa nao, wakampa jenasi yake peke yake. Wakaiita Kakamega. Ndiyo, kuna jenasi ya ndege duniani inayoitwa Kakamega, na ndege huyo ni Kakamega poliothorax.

Vinasaba vilipokuja, katika miaka ya 2000, vilionyesha kwamba wale watatu walikuwa sahihi kumtenga. Ndugu zake wa karibu ni ndege wawili wa milima ya Tanzania, Modulatrix stictigula na Arcanator orostruthus, ambaye yupo pia Msumbiji. Leo watatu hao wana familia yao ndogo, Modulatricidae. Tazama tofauti: ndege watatu, jenasi tatu; kamba karibu 30, jenasi moja. Chombo ni kile kile, yaani herufi nne za DNA, lakini maamuzi ya majina ni tofauti. Kwa ndege jina jipya halikumvuruga mtu sokoni. Kwa kamba lilivuruga wengi.

Ila kuna swali moja ambalo DNA inalijibu kwa nguvu zaidi, nalo ni la spishi. Rudi kwa japonicus. Kwa miaka mingi aliaminika kuwa spishi moja, kutoka Japani mpaka pwani ya Afrika. Watafiti wakaona kuna aina mbili zinazotofautiana kidogo kwa michirizi ya gambani. Mwaka 2005 walilinganisha vinasaba wakakuta pengo kubwa kati yao, na mwaka 2014 Tsoi na wenzake wakakamilisha kazi: ni spishi mbili. Ile ya Japani ikabaki Penaeus japonicus. Ya pili, ambayo ndiyo ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, haikuhitaji jina jipya, kwa sababu Stebbing alikuwa amemtaja kamba wa Afrika Kusini mwaka 1914 kwa jina Penaeus pulchricaudatus. Jina hilo lilikuwa limezikwa kama lisilo na kazi. Baada ya miaka 100 likafufuliwa. Kwa hiyo ukikuta japonicus katika ripoti za zamani za pwani yetu, yaelekea sana anayesemwa ni pulchricaudatus.

Kwa mtu wa kanzidata hizi ni shida mbili tofauti kabisa. Indicus ni majina mawili, mnyama mmoja. Hiyo unaitibu kwa jedwali dogo la visawe, kazi ya mchana mmoja. Japonicus ni jina moja, wanyama wawili. Hiyo huwezi kuitibu kwa jedwali, kwa sababu jina peke yake halikuambii ni yupi. Unahitaji kujua alivuliwa wapi, na ikiwezekana kipande cha mnyama mwenyewe kiwe kimehifadhiwa kwenye spiriti ili kipimwe.

Wataalamu wa majina wenyewe wana ujanja mmoja wa zamani ambao naupenda. Ukiona Penaeus indicus H. Milne Edwards, 1837, bila mabano, ujue jenasi ni ile ile aliyoitumia mtaji wa kwanza. Ukiona Fenneropenaeus indicus (H. Milne Edwards, 1837), mabano yanakuambia kwamba spishi imehamishwa tangu ilipotajwa. Yaani kumbukumbu ya mabadiliko imo ndani ya jina lenyewe, na ilikuwemo kabla hatujawa na kompyuta. Lakini wengi wakiingiza data hufuta mwandishi, mwaka na mabano kwa kudhani ni mapambo.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayetengeneza programu ya kumbukumbu za uvuvi, misitu au mifugo, nina ushauri mfupi. Usitumie jina la kisayansi kama ufunguo wa jedwali. Tumia namba. WoRMS hutoa namba kwa kila jina, nalo jina lililoachwa huelekeza kwenye linalotumika. Hifadhi jina kama lilivyoandikwa na aliyekuwa shambani au ufuoni, usilisahihishe juu yake. Tafsiri yako iweke kwenye safu nyingine pamoja na tarehe. Hifadhi mahali na siku, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyookoa data yako spishi ikigawanyika. Na andika pia jina ambalo mvuvi mwenyewe alilisema. Kule Ngomeni na Kipini watu wameendelea kusema kamba muda wote huu, na siku ukirudi kuwauliza juu ya mavuno ya miaka ya nyuma, hilo ndilo jina watakalokujibu nalo.

Haya, wiki ijayo tukijaliwa turudi kwenye kodi.